Dawa za baipola zipimwe kwa maabara iliyo karibu nawe: tathmini kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hutaja madhara mengi, na huyataja yote kwa sauti moja. Chunusi, kinywa kukauka na figo kushindwa kazi vinakaa mstari mmoja. Haisemi kipi kinakera tu na kipi kinaua, wala kipi kinaonekana kwa mizani ya zahanati na kipi kinahitaji maabara iliyo safari ya nusu siku kwa basi. Kwa mkazi wa Ludewa, Makete au Chunya, jambo hilo la mwisho ndilo linaloamua. Ndiyo maana tathmini hii inazipima dawa zinazotumika zaidi kwa swali moja: madhara yake, kwa mtoto na kwa mtu mzima, yanaweza kugunduliwa hapo unapoishi kabla hayajaharibu kitu? Dawa usiyoweza kuifuatilia imekuzidi, hata kama ndiyo bora kuliko zote.

Humu tutasema "kupanda" kwa ile hali ya mtu kutolala, kuongea mfululizo na kutumia pesa ovyo, na "kushuka" kwa sonona inayofuata.

Litiamu: bora kuliko zote, na yenye masharti kuliko zote

Daktari John Cade wa Australia aliandika kuhusu litiamu kwa wagonjwa waliopanda mwaka 1949, na hadi leo hakuna dawa iliyoishinda kwa kuzuia ugonjwa usirudi na kupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Marekani inairuhusu kwa watoto kuanzia miaka 7. Tatizo lake ni wembamba wa njia. Kiwango kinachotakiwa kwenye damu kwa matumizi ya muda mrefu ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Ikivuka 1.5 imeshakuwa sumu, na ikivuka 2 maisha yako hatarini.

Kipimo cha damu ndicho kinachoharibika zaidi kwa watu wa mbali. Damu inatakiwa kutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa tatu usiku atolewe damu saa tatu asubuhi, kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Sasa mtu anameza saa tatu usiku akiwa Ludewa, anapanda basi alfajiri, anaingia maabara saa nane mchana. Zimepita saa 17. Majibu yanatoka chini kuliko hali halisi, daktari anaongeza dozi kwa nia njema, na baada ya wiki mbili mgonjwa anapepesuka na kutapika. Ufumbuzi wake ni rahisi: kadiria utafika maabara saa ngapi, kisha usogeze dozi ya usiku huo. Kama ni saa sita mchana, meza saa sita usiku. Na umwambie mpimaji saa uliyomeza, aiandike kwenye fomu.

Kuna kosa jingine dogo lenye gharama kubwa. Chupa ya damu yenye kifuniko cha kijani mara nyingi ina heparini ya litiamu ndani yake. Damu ikiwekwa humo, majibu yatatoka juu bila sababu. Omba chupa ya kawaida, ile yenye kifuniko chekundu.

Kiwango hupimwa siku 5 hadi 7 baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi mitatu hadi sita hali ikitulia. Kabla ya kuanza pimwa kriatinini ya figo, TSH ya tezi ya shingo, kalsiamu, na mimba kwa mwanamke, halafu figo na tezi kila miezi sita. Kipimo cha tezi kisirukwe huku kwetu. Nyanda za juu zina historia ndefu ya rovu kwa ukosefu wa madini joto, na litiamu nayo hulegeza tezi hiyohiyo. Dalili zake ni uchovu, kufunga choo na kuhisi baridi, lakini nani asiyehisi baridi Makete mwezi wa sita? Mwili hautakuambia mapema, maabara ndiyo itakayosema.

Madhara ya kawaida ni vidole kutetemeka kidogo, kiu, mkojo mwingi, chunusi na uzito kuongezeka. Kwa mtoto, mkojo mwingi humaanisha kukojoa kitandani tena baada ya miaka ya kuwa ameacha, jambo linaloweza kumfanya aiteme dawa kimyakimya, hasa akiwa bweni. Mzazi aongee na matroni au patroni kabla shule haijafunguliwa: mtoto aruhusiwe chupa ya maji darasani na ruhusa ya chooni bila kuulizwa, na dozi imezwe mapema jioni.

Sumu ya litiamu huja pale mwili unapopoteza maji au chumvi, kwa sababu figo hapo hushika litiamu zikidhani zinashika chumvi. Kuhara, kutapika, homa ya malaria, na jasho. Mtu aliyezoea ubaridi wa Tukuyu au Njombe anashuka Kyela au kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, anafanya kazi juani siku tatu, na dozi ileile iliyomfaa nyumbani inamzidi. Ulanzi na komoni huongeza upotevu wa maji. Kuacha chumvi ghafla kwa sababu ya presha hupandisha kiwango, na hata kuacha ghafla chai au kahawa nyingi uliyozoea hukipandisha. Dawa zinazokipandisha kwa kasi ni zile zinazouzwa kama njugu: ibuprofeni na diklofenaki. Vilevile dawa za presha kama haidroklorothiazaidi, losatani na enalaprili. Kwa maumivu na homa tumia Panadol.

Dalili za hatari ni mtetemeko mkubwa wa mikono kiasi cha kumwaga chai, kutapika na kuhara, ulimi mzito, kuyumba, kuchanganyikiwa. Majirani watadhani amelewa. Acha dozi siku hiyohiyo, nenda hospitali kwa ajili ya dripu na kipimo. Nje ya dharura hiyo, litiamu haikatwi ghafla. Hupunguzwa kwa wiki 4 angalau, na miezi mitatu ni bora zaidi, la sivyo mgonjwa hupanda upya kwa nguvu.

Uamuzi wetu: kwa anayeishi Mbeya mjini, Iringa mjini au pembeni ya barabara kuu na ana uhakika wa kipimo, litiamu ndiyo chaguo la kwanza. Kwa anayekaa ambako mvua ikinyesha gari halipiti, na nyumbani hakuna wa kumsimamia, hatuipendekezi.

Valproeti: nzuri kwa wanaume, isiyofaa kwa wasichana

Sodiamu valproeti hutuliza mgonjwa aliyepanda haraka kuliko litiamu na njia yake ni pana zaidi. Huleta kichefuchefu (imezwe na chakula), uzito, mtetemeko, na nywele kupungua, ambazo kwa kawaida huota tena. Madhara mazito ni ya ini, kongosho na chembe sahani za damu. Anayetoka damu puani bila sababu, anayetapika na kulegea, au mwenye maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni asisubiri tarehe ya kliniki. Hatari ya ini ni kubwa zaidi kwa watoto chini ya miaka miwili, hasa wanaotumia dawa zaidi ya moja za kifafa. Ini na picha kamili ya damu vipimwe kabla ya kuanza na tena ndani ya miezi sita.

Lakini suala lenyewe ni mimba. Kati ya watoto 100 waliokuwa tumboni mama akimeza valproeti, takribani 10 huzaliwa na kasoro kubwa, ikiwemo mgongo wazi, na 30 hadi 40 hupata shida za ukuaji wa akili na kujifunza. Asidi ya foliki haifuti hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike kwa wanawake na wasichana wenye uwezo wa kupata mimba. Bado inaandikwa kwa wasichana wa sekondari kwa sababu iko kabatini na ni rahisi kuifuatilia. Hili hatulikubali. Binti wa miaka 14 anayeanzishiwa valproeti leo atakuwa ameizoea akifika 20, na mimba nyingi hugundulika wiki ambazo mgongo wa mtoto umeshajifunga au umeshashindwa kujifunga. Mzazi ana haki ya kuuliza: hakuna nyingine? Mara nyingi ipo. Ila aliye tayari kwenye valproeti na amepata mimba asiiache mwenyewe. Aende kliniki wiki hiyohiyo.

Neno la uhifadhi: valproeti hunyonya unyevu wa hewa. Vidonge vikitolewa kwenye karatasi yake ya fedha na kuwekwa kwenye bahasha, kwa mvua za Rungwe vitalainika na kunata. Kata karatasi yenyewe, usikamue vidonge. Na vile vyenye ganda la kulinda tumbo visitwangwe kwa ajili ya mtoto. Omba ya maji.

Kabamazepini: angalia kwanza dawa nyingine anazotumia

Wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, na wengi wanaijua kama dawa ya kifafa. Kwa baipola ni ya daraja la pili. Mwanzoni huleta kizunguzungu, kuona viwili na kuyumba, kwa hiyo dozi hupanda taratibu. Upele ndani ya miezi miwili ya kwanza, hasa ukiambatana na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, ni amri ya kuacha na kukimbilia hospitali, kwani ngozi inaweza kubanduka. Homa na koo lenye vidonda bila upele nako kunataka kipimo cha damu, maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Kwa wazee hushusha chumvi ya damu: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kuanguka.

Ubaya wake mkubwa kwa mikoa yetu ni mwingine. Kabamazepini huliamsha ini litafune dawa nyingine haraka. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya VVU ya juu zaidi nchini, na dolutegraviri, dawa ya VVU iliyo ndani ya kidonge kimoja cha siku, hupungua sana ikikutana na kabamazepini. Anayetumia zote mbili huhitaji dolutegraviri nyingine ya miligramu 50 saa 12 baada ya ile ya kwanza, au abadilishiwe dawa ya baipola. Bila hivyo virusi vitapanda huku kila mtu akidhani mgonjwa hamezi dawa. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviguswi. Hupunguza hata dawa ya mseto ya malaria. Kliniki ya afya ya akili na kliniki ya VVU kwa kawaida ni vyumba viwili vyenye mafaili mawili, hivyo mgonjwa mwenyewe ndiye abebe karatasi yenye dawa zake zote na kuionyesha kila chumba.

Nayo haipendi unyevu. Ikikaa mahali penye unyevunyevu inaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake, bila kubadilika sura. Usiiweke jikoni wala juu ya dirisha la bafu.

Lamotrijini ni nadra na bei yake si ya wote, ila kwa anayesumbuliwa zaidi na kushuka ni nzuri, hainenepeshi, na kwa mimba ni afadhali kuliko mbili zilizotangulia. Haimtulizi aliyekwisha kupanda. Masharti yake ni mwendo: miligramu 25 kwa siku wiki mbili, 50 wiki mbili, 100 wiki moja, kisha 200. Akiwa anameza valproeti pamoja nayo, mwendo hukatwa nusu. Anayekimbiza hualika upele uleule wa kubanduka ngozi, na watoto hupatwa zaidi kuliko wakubwa. Akikosa dozi zaidi ya siku tano hivi, anaanza tena na 25. Kwa hiyo usiianze kama huna hakika famasi itakuwa nayo mwezi ujao.

Olanzapini, risperidoni na kwetiapini: mizani inatosha kuzifuatilia

Hapa ndipo tunapowashauri wengi wa vijijini, hasa wazazi. Si kwamba hazina madhara. Olanzapini ni kali sana kwa uzito na sukari. Lakini uzito, kiuno, presha na sukari vinapimika katika zahanati, bila kusafirisha damu popote. Marekani inaruhusu risperidoni na kwetiapini kwa kupanda kuanzia miaka 10, olanzapini kuanzia miaka 13.

Watoto hunenepa haraka kuliko watu wazima, na njaa yake si ulafi. Mtoto anayemaliza ugali na kurudi jikoni baada ya nusu saa anasukumwa na dawa. Kumfokea hakusaidii, kinachosaidia ni kubadilisha kilicho karibu: makande, mboga na matunda viwepo, soda, maandazi na chipsi visikae ndani. Mpime uzito siku ya kuanza, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Akiongeza asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, yaani kilo 2 kwa mtoto wa kilo 40, huko siko kukua. Rudi kliniki mapema, kwa sababu uzito ulioingia ni mgumu kutoka. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kuongeza metifomini. Kiuno pimwa kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, mwanzoni, baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kiu kali na mkojo mwingi kwa anayemeza olanzapini vinaweza kuwa kisukari, pima siku hiyo.

Risperidoni hunenepesha kidogo kuliko olanzapini lakini hupandisha homoni ya maziwa. Msichana hukosa hedhi, mvulana huota matiti. Mvulana wa kidato cha kwanza hatasema neno hilo mbele ya mama yake. Ataacha dawa tu, na nyumbani watasema ugonjwa umerudi wenyewe. Aulizwe faragha, na mtu wa jinsia yake, kila anapokuja. Dozi ya kuanzia ya mtoto ni miligramu 0.5 au chini yake, na baadhi ya madhara yanayolalamikiwa yanatokana na kuanza na kidonge kizima cha mkubwa.

Kwetiapini hulaza na kushusha presha mtu akisimama ghafla. Imezwe usiku, na anayeamka aketi kitandani kwanza. Mwanafunzi anayesinzia vipindi vya asubuhi huenda anaimeza saa nne usiku. Isogezwe hadi saa mbili.

Haloperidoli, Largactil na sindano ya Modecate

Hizi za zamani zinatuliza, ni za bei nafuu, na katika dharura usiku wa manane ndizo zitakazokuwepo. Hatuzikatai. Tunakataa mgonjwa kurudishwa nyumbani nazo bila maelezo. Ndani ya saa chache hadi siku chache, hasa kwa vijana wa kiume na watoto, shingo inaweza kupinda, macho yakageukia juu, taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Familia nyingi huona pepo, degedege au tetanasi, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga badala ya hospitali. Ni dawa. Sindano ya promethazini miligramu 25 hadi 50 kwa mtu mzima huilegeza, mara nyingi ndani ya nusu saa, kisha Artane, kidonge cha kuzuia mkazo huo, kwa siku chache. Koo likikaza na pumzi ikawa ya shida, ni dharura.

Lingine hufichika zaidi. Mgonjwa hawezi kukaa: anatembea, anakanyaga hapohapo, anasema ndani kunawaka. Huonekana kama amepanda, dozi huongezwa, na hali huzidi. Ukimuuliza atakuambia hataki kutembea ila miguu inamlazimisha, na hapo ndipo tofauti ilipo. Hupunguziwa dozi au hupewa propranololi ikiwa hana pumu. Artane haisaidii sana hapa. Na Artane yenyewe isiwe ya kudumu wala ya kila mtu, maana hukausha kinywa, hufunga choo na hupunguza kumbukumbu.

Miendo ya mdomo na ulimi, kama mtu anayetafuna kisichokuwepo, huja baada ya miezi au miaka na inaweza isiondoke. Mwangalie mdomo kila miezi sita. Homa kali pamoja na mwili kukaza kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa inaweza isiwe malaria bali madhara ya dawa hizi, hata kama kila homa huku huanza kuitwa hivyo: simamisha dawa, nenda hospitali. Largactil hufanya ngozi iungue kirahisi, na jua la milimani huunguza hata siku ya baridi, hivyo mkulima avae kofia pana na mikono mirefu. Modecate hudumu mwilini wiki mbili hadi nne, na ikishachomwa haitoki. Ndiyo maana huanza na kiasi kidogo cha majaribio, kwa kawaida miligramu 12.5.

Tahadhari moja nje ya orodha: amitriptilini. Mgonjwa wa baipola aliyeshuka akienda zahanati na kusema halali na ana huzuni, anaweza kupewa hiyo peke yake, na wiki chache baadaye amepanda. Aliyewahi kupanda hata mara moja alitaje hilo kabla ya kupokea dawa yoyote ya sonona.

Kliniki nzuri unaijuaje

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na zaidi ya hapo kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma. Jina la hospitali halitoshi. Angalia kama wanakupima uzito kila unapokuja na kuuandika kwenye kadi, kama wanauliza kuhusu hedhi, tendo la ndoa, usingizi na choo bila kusubiri useme, na kama wanaandika jina la dawa na miligramu zake badala ya "endelea na zilezile". Ukibadilishiwa kiwanda, hasa kwa litiamu, sema. Dozi ya boksi jipya inaweza isilingane na ya zamani na damu hupimwa upya.

Beba maboksi yenyewe, usibebe majina kichwani. Hesabu vidonge vilivyobaki kabla ya kutoka nyumbani na uombe viongezwe kwa wiki mbili zaidi ya tarehe ya kurudi, kwa sababu mwezi wa tatu na wa nne barabara za milimani hufungwa na mvua.